Kabla ya Kusaini Taarifa kwa Umma: Mwongozo kwa Afisa Habari na Uhusiano

Katika mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa afisa habari wa taasisi moja inayosambaza maji, bomba kuu lilipasuka alfajiri na karibu nusu ya mji ikakauka. Nilimpigia simu mhandisi aliyekuwa ndani ya shimo, nikamuuliza maji yatarudi lini, akanijibu kwa sauti ya mtu aliyeshika spana: "Jioni yatakuwa yameingia." Nikaandika kwamba huduma itarejea saa 12 jioni, mkurugenzi akasaini, taarifa ikasomwa redioni na kusambaa katika makundi ya WhatsApp. Mhandisi alisema kweli, kwa kuwa saa 12 jioni maji yaliingia, ila yaliingia kwenye tangi. Kutoka tangini hadi kwa mteja wa mtaa wa juu kulikuwa na kazi ya kutoa hewa kwenye mabomba, kuyajaza taratibu yasije yakapasuka tena, na kusubiri msukumo wa maji uongezeke, kazi iliyochukua siku mbili zaidi. Katika siku hizo mbili sikuwa na jibu ambalo mtu yeyote angeliamini, hata nilipokuwa nikisema kweli tupu.

Sikudanganya, na wala hakuna aliyenituma nidanganye. Kosa langu lilikuwa kuuliza swali moja pale yalipohitajika manne, kisha kuweka saa kamili mahali ambapo mhandisi alikuwa ameweka kadirio. Tangu hapo nimeamini kwamba kazi ya uhusiano hufanyika zaidi kabla ya taarifa kuandikwa, na kwamba maadili ya kazi hii hupimwa hasa katika namna afisa anavyotafuta ukweli ndani ya taasisi yake mwenyewe, kuliko katika viapo na kanuni zilizobandikwa ukutani. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu aliyekabidhiwa karibuni dawati la habari la halmashauri, hospitali, benki, chuo au asasi, na anayetakiwa kuanza kazi Jumatatu.

Mahali pa kuketi

Afisa uhusiano huitwa mara nyingi mambo yakishaharibika. Menejimenti imekaa, imeamua kupandisha ada au kufunga tawi, na yeye anakabidhiwa uamuzi ulioiva pamoja na agizo fupi: "Tuandikie kitu kizuri." Akikubali nafasi hiyo mara tatu mfululizo, basi ndiyo kazi yake hadi atakapostaafu. Omba kuhudhuria vikao vya uamuzi, hata kama ni kuketi nyuma na daftari, na ukipewa nafasi usianze kuzungumzia magazeti. Uliza nani ataumizwa na uamuzi huu, atausikia kutoka kwa nani kwanza, na tutamjibu nini akituuliza kwa nini hatukumwambia mapema. Nimeona uamuzi ukiahirishwa kwa sababu ya swali hilo la mwisho pekee, na kuahirishwa huko kuliiokoa taasisi na aibu ambayo hakuna taarifa nzuri ambayo ingeifuta.

Ukinyimwa kiti, zunguka. Kila juma pita kwenye dawati la malalamiko, kaa nusu saa na wapokea simu, zungumza na madereva na mafundi wa zamu. Mlinzi wa getini husikia manung'uniko ya wateja juma zima kabla ya mkurugenzi, maana watu humwambia yeye yale ambayo mezani hawayasemi. Andika unachosikia pamoja na tarehe, kisha mpelekee mkuu wako ukurasa mmoja kila Ijumaa, usio na sifa wala lawama. Baada ya miezi michache utaanza kuitwa kwenye vikao bila kuomba.

Jambo la pili la kulimaliza mapema, wakati hakuna moto unaowaka, ni ruhusa ya kusema. Taasisi nyingi hutaka taarifa ipitiwe na mkuu wa idara, mwanasheria na mkurugenzi kabla haijatoka, na siku ya dharura mmoja wao huwa safarini na simu yake imezimwa. Kubalianeni kwa maandishi kwamba ndani ya saa moja ya kwanza afisa habari anaweza kutoa taarifa fupi bila kusubiri saini, mradi iwe na yale tu yaliyothibitishwa na mtu aliyeko eneo la tukio, isitaje sababu ya tukio, na isimlaumu yeyote. Andaeni pia orodha ya simu za watu watakaothibitisha, pamoja na namba ya anayekaimu kila mmoja wao. Makubaliano haya hayazidi ukurasa mmoja, na ni vigumu sana kuyaandika siku ambayo waandishi tayari wako getini.

Namba na mwenye namba

Ivy Lee, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa fani hii, aliwapelekea wahariri mwaka 1906 tamko la misingi yake: kazi ya ofisi yake ingefanywa hadharani, taarifa zake zingekuwa sahihi, na mhariri mwenye shaka angesaidiwa kuhakiki. Miaka 8 baadaye, akiitumikia familia ya Rockefeller, iliyomiliki sehemu kubwa ya kampuni ya migodi, katika mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Colorado, Lee yuleyule alisambaza vijarida vilivyokuza kupita kiasi malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi. Alipohojiwa na tume ya serikali alikiri kwamba habari hizo alipewa na upande wa kampuni na hakuzihakiki. Vitabu vya uhusiano hupenda kusimulia tamko la 1906 na kuruka ya 1914, nami nadhani ya 1914 ina mafunzo zaidi, kwa kuwa inaonyesha jinsi mtu mwenye nia njema anavyoweza kuwa mfereji wa uongo wa wengine kwa sababu tu alipokea karatasi na kuipitisha.

Kwa hiyo kila namba inayotoka chini ya jina lako iwe na mwenyewe. Muulize aliyekupa aliipata wapi, ni ya lini, inahesabu nini na inaacha nini. "Wateja 40,000 wameathirika" ni mita 40,000 au ni watu 40,000? Mita moja ya nyumba ya kupanga inaweza kuwa na kaya sita nyuma yake. "Mradi umekamilika kwa asilimia 80" ni asilimia 80 ya ujenzi au ya fedha zilizotumika? Wahandisi na wahasibu hawadanganyi wanapotoa jibu moja badala ya jingine. Wanajibu kwa lugha ya ofisi zao, na kazi yako ni kuivusha lugha hiyo hadi mtaani bila kuimwaga njiani.

Katika ajali na maafa tahadhari hiyo inageuka kuwa suala la utu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, taarifa za mwanzo zilitaja waliookolewa kuwa 26. Hesabu ya mwisho ilikuwa manusura 24 na waliofariki 19. Silitaji jambo hili ili kumlaumu mtu, kwa maana wavuvi na waokoaji walikuwa bado majini na hospitali zilikuwa zikipokea watu kwa vurugu ya saa ile. Nalitaja kwa sababu tofauti ya watu 2 kwenye karatasi huweza kuwa nyumba 2 zilizopewa tumaini kisha zikanyang'anywa. Katika hali kama hiyo, namba itoke ikiwa imefungwa na saa yake na chanzo chake: "Kufikia saa 7 mchana, hospitali ya mkoa imepokea watu [idadi kamili]." Msomaji anaelewa kwamba namba yenye saa inaweza kubadilika. Namba isiyo na saa, ikibadilika, huonekana kuwa uongo. Majina ya marehemu hayatoki hata siku moja kabla familia hazijaambiwa, na ukiona yameshavuja mitandaoni, hilo halikupi ruhusa ya kuyathibitisha.

Taarifa yenyewe

Tuisome kwanza taarifa ya aina ambayo kila mmoja wetu amewahi kuipokea:

"Uongozi unapenda kuwataarifu wateja wake wote kwamba, kutokana na changamoto za kiufundi zilizo nje ya uwezo wetu, huduma ya maji itakosekana katika baadhi ya maeneo. Mafundi wetu wanaendelea na jitihada za kurejesha huduma. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Uongozi haupendi kutaarifu. Hakuna anayependa habari hiyo. "Changamoto za kiufundi" ni neno la kufunika, na siku hizi neno "changamoto" limebebeshwa kila mzigo, kuanzia upungufu wa madawati hadi wizi wa fedha za umma, mpaka msikilizaji akilisikia huanza kujiuliza ni kitu gani kinachofichwa. "Zilizo nje ya uwezo wetu" ni dai kubwa linalohitaji ushahidi, kwa sababu bomba lililochakaa miaka 30 lilikuwa ndani ya uwezo wa mtu fulani. "Baadhi ya maeneo" humlazimu kila mteja kupiga simu kuuliza kama eneo lake limo, na simu hizo zote zitaangukia dawati moja lenye watu wawili. Kisha tunafika kwenye "usumbufu utakaojitokeza", wakati mama lishe wa sokoni amekwisha kununua madumu kwa bei ya kuruka tangu alfajiri. Usumbufu umeshajitokeza; anayeandika tu ndiye bado hajautambua.

Sasa tuiandike upya, tukijifanya tunajua yale ambayo afisa mwenye bidii angeyajua saa 3 asubuhi:

"Bomba kuu linalopeleka maji kwenye tangi la Mlimani lilipasuka leo Jumanne saa 10 alfajiri. Mitaa ya Mlimani, Sokoni na Bondeni haina maji tangu wakati huo. Mafundi wanabadilisha kipande kilichopasuka na wanatarajia kumaliza saa 12 jioni, ndipo tangi litakapoanza kujazwa. Tunatarajia Bondeni ipate maji usiku wa leo na Sokoni kesho asubuhi. Kwa Mlimani, palipo juu zaidi, hatuna bado saa ya uhakika. Tutawaeleza kesho saa 3 asubuhi hata kama hakutakuwa na jipya. Maboza mawili yanagawa maji bure katika uwanja wa shule ya msingi ya Mlimani kuanzia saa 5. Sababu ya bomba kupasuka inachunguzwa. Tunawaomba radhi kwa shida mnayoipata."

Taarifa hii ni ndefu kuliko ya kwanza na bado itasomwa yote, kwa kuwa kila sentensi inamsaidia mtu kupanga siku yake. Tazama hasa sentensi ya Mlimani. Ndiyo inayopingwa sana ofisini, kwa hoja kwamba kukiri kutojua kunaonyesha udhaifu. Mimi nasema ndiyo inayozipa nguvu sentensi nyingine, kwa sababu mtu anayeambiwa wazi jambo lisilojulikana huyaamini yale aliyoambiwa kwamba yanajulikana. Na kesho saa 3 asubuhi taarifa itoke, hata ikiwa na mstari mmoja wa kusema bado tunasubiri.

Baada ya kuandika, isome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hayumo katika idara yako, kwa mfano mhudumu wa ofisi au dereva, kisha muulize ameelewa nini. Asipoweza kueleza kwa maneno yake, rudi mezani. Fikiria pia itakavyosafiri. Barua iliyopigwa picha, yenye nembo, mhuri na maandishi madogo, haisomeki kwenye simu ya bei nafuu na haiwezi kusomwa na programu zinazowasomea wasioona. Weka maneno yenyewe kama maandishi, na picha ya barua ifuate kama uthibitisho. Redio za kijamii zinahitaji nakala ya sentensi fupi ambazo mtangazaji anaweza kuzisoma bila kukwama. Wako pia watu ambao habari huwafikia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa tangazo baada ya swala au ibada, au kwa gari la kipaza sauti. Ukiwapigia watu hawa kumi mapema, utakuwa umefika mbali kuliko ukurasa wenye wafuasi laki moja ambao nusu yao hawaishi katika mji wako.

Pole na radhi

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo afisa uhusiano hana budi kuyatofautisha. Pole hutolewa kwa mwenye maumivu, hata na asiyehusika nayo, na haimfungi mtoaji kwa lolote. Radhi huombwa na aliyekosa. Taasisi iliyokosa ikitoa pole peke yake, watu husikia kwamba inajiweka miongoni mwa majirani waliokuja msibani wakati yenyewe ndiyo yenye kesi. Kwa upande mwingine, taasisi inayoomba radhi kwa kila jambo, hata mvua, hulimaliza neno hilo nguvu kabla ya siku litakapohitajika.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba pole itangulie, mara moja na bila masharti, kwa kila aliyeumia. Radhi ifuate pale tunapojua tumekosea, ikitaja kosa kwa jina lake, ikisema tumefanya nini kulirekebisha. Epuka "kama kuna mtu aliyekwazika", kwa maana inamhamishia mkosewa kazi ya kuthibitisha kwamba kweli alikwazika. Mwanasheria wa taasisi atahofia kwamba radhi ni kukiri deni mahakamani, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Keti naye mtafute maneno yanayokiri ukweli uliokwisha kujulikana bila kuhukumu yale ambayo uchunguzi haujayafikia. Kwa uzoefu wangu maneno hayo hupatikana karibu kila mara, ikiwa mmeanza kuyatafuta kabla ya saa 2 usiku.

Uvumi

Katika enzi ya ukoloni, kuanzia pwani hadi Nairobi na Kampala, watu wengi waliamini kwamba wazimamoto waliteka watu usiku ili kuwanyonya damu, na hadithi za mumiani zikawaambatisha watu hao na magari yao mekundu. Ni rahisi kuicheka leo. Lakini hebu fikiria namna jambo hilo lilivyoonekana kwa mwananchi wa wakati ule: taasisi yenye sare, magari na ndoo, inayofanya kazi usiku, isiyomweleza mtu yeyote inafanya nini, chini ya utawala uliokwisha kumnyang'anya mengi. Uvumi ulijaza pale palipoachwa wazi, na ulijazwa na woga uliokuwa na sababu zake.

Ndiyo maana sipendi desturi ya kuchukua picha ya habari inayosambaa, kuigonga kwa wino mwekundu neno UZUSHI, na kuandika chini yake "ipuuzeni". Kwanza, picha hiyo inausambaza uvumi kwa wale ambao hawakuwa wameuona. Pili, haitoi kitu cha kuamini badala yake. Anza na ukweli kwa sentensi iliyonyooka, eleza jinsi mtu anavyoweza kuuthibitisha mwenyewe, na uutaje uvumi kwa ufupi tu kwa maneno yako. Kabla ya hayo yote jiridhishe kwamba ni uvumi kweli. Maafisa wamewahi kukanusha saa 4 asubuhi jambo ambalo wakuu wao walilithibitisha jioni, na afisa aliyekanusha ukweli mara moja hubaki na alama hiyo kwa miaka, hata kama alikuwa ametumwa. Usipokuwa na hakika, sema unafuatilia na utaje saa ya kurudi.

Bahasha

Nimefika kwenye jambo ambalo miongozo mingi hulipita kwa sentensi moja. Mkutano na waandishi unamalizika, karibu na mlango kuna meza, juu ya meza kuna karatasi ya kusaini yenye jina, chombo na namba ya simu, na nyuma yake ameketi mtu wa uhasibu mwenye bahasha. Zinaitwa nauli, posho au mshiko. Anayezitoa anajua, na anayezipokea anajua, kwamba bahasha nono kuliko nauli ya basi haikuwekwa pale kwa ajili ya basi.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja moja nzito. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, hulipwa kwa habari inayochapishwa, malipo ni madogo na huchelewa, na mwandishi aliyetoka wilaya ya jirani ametumia fedha zake kuja kukusikiliza. Hoja hiyo nimeitafakari sana, nami naona inathibitisha kwamba vyombo vya habari vinapaswa kuwalipa watu wao. Haithibitishi kwamba yule anayeandikwa ndiye alipe. Mwandishi akishapokea, hata akiandika kwa haki, wewe mwenyewe hutajua tena kama habari yako ilichapishwa kwa uzito wake. Na siku taasisi yako itakapoonewa na chombo kingine, hutakuwa na mdomo wa kulalamika kuhusu maadili.

Ninachokifanya ni hiki. Mkutano ukiwa mjini, hakuna malipo yoyote, na barua ya mwaliko inayokwenda kwa mhariri inasema hivyo waziwazi. Ziara ikiwa nje ya mji, taasisi inatoa gari moja kwa wote na chakula kilekile wanachokula wafanyakazi, nalo linaandikwa kwenye mwaliko ili mhariri aamue kumtuma mtu au kumpa usafiri wake mwenyewe. Sitoi fedha taslimu, siulizi habari itatoka lini, na siombi kuisoma kabla haijachapishwa. Mwezi wa kwanza tulipoanza utaratibu huu walikuja waandishi wanne badala ya kumi na tisa, na mkurugenzi akaniuliza kama nimefukuza vyombo vya habari. Wanne wale waliuliza maswali magumu na habari zao zilikuwa ndefu.

Ili utaratibu huo uwezekane, mpunguzie mwandishi gharama ya kukufikia. Mikutano mingi haikustahili kuwa mikutano; tuma maandishi, picha zenye maelezo, sauti ya msemaji iliyorekodiwa vizuri, na namba ya mtu atakayepokea simu. Zijue saa zao. Taarifa kuu za habari za televisheni Tanzania huwa saa 2 usiku, na za Kiswahili kwa Kenya saa 1, kwa hiyo tukio la saa 10 jioni ambalo mgeni rasmi anafika saa 11 na nusu halimfai mtu yeyote isipokuwa mpambaji wa ukumbi. Mwandishi akiomba nyaraka, sheria zimekuwekea ukomo: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya mwaka 2016 inatoa siku 30 za kujibu, na ya Kenya ya mwaka huohuo inatoa siku 21. Anayesubiri siku ya 30 ili ajibu "tunalifanyia kazi" ameitii sheria kwa herufi na kumpoteza mwandishi.

Chawa na kalamu za kukodi

Mtandaoni bahasha imebadili sura. Mtu mwenye wafuasi wengi hulipwa aisifu huduma kana kwamba ameinunua mwenyewe, au kundi la akaunti huamshwa kwa saa moja kusifu bosi na kumzomea anayemkosoa. Mitaani wanaitwa chawa, na jina hilo linatosha kueleza wananchi wanavyowaona. Kumlipa mtu mashuhuri akutangazie si kosa, mradi chapisho liseme mwanzoni kabisa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba ni tangazo la kulipiwa. Kununua akaunti za bandia, kuandika maoni ya wateja wasiokuwepo, au kumchimba mkosoaji ili kumwaibisha ni mambo ya kukataa hata kwa gharama ya kazi.

Anayedhani gharama hiyo ni kubwa mno na aitazame Bell Pottinger, kampuni ya uhusiano ya London iliyokuwa na wateja duniani kote. Kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni 100,000 kwa mwezi, ilifanya kampeni Afrika Kusini kwa ajili ya kampuni ya familia ya Gupta, matajiri waliokuwa karibu na rais wa wakati huo, Jacob Zuma; ni kampeni iliyochochea uhasama wa rangi katika nchi yenye vidonda vibichi. Septemba 2017 chama cha fani hiyo nchini Uingereza kiliifukuza uanachama kwa muda usiopungua miaka 5, wateja wakakimbia, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilikuwa imewekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Wengi waliopoteza ajira pale hawakuwahi kugusa faili hilo. Kwa hiyo swali la nani awe mteja wetu, na kampeni hii itawafanya majirani watazamane vipi, liulizwe mezani kabla ya mkataba, na liulizwe hata na afisa mdogo.

Picha za watu

Zoezi la msaada lina picha yake inayojulikana: viongozi watano katika suti, mfano wa hundi wenye ukubwa wa mlango, na mbele yao mtoto au mgonjwa asiyejua atazame wapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Lakini hata zisingekuwepo, ungepaswa kumwuliza mtu kwa lugha yake, picha ikiwa haijapigwa, na ukamweleza itaonekana wapi na kwa muda gani. Idhini anayotoa mtu aliyesimama kwenye foleni ya unga si idhini, kwa kuwa anaogopa kunyimwa. Mwulize baada ya kupokea chake, na umwachie namba ya kupiga akibadili nia. Wagonjwa na watoto, chaguo la kwanza liwe kutowaonyesha sura.

Tahadhari hiyohiyo ihamie kwenye zana za akili mnemba (AI), ambazo sasa zimo katika kila ofisi. Zinafaa kufupisha ripoti na kupendekeza vichwa vya habari. Usizipe majina na malalamiko ya wateja, usizitumie kutengeneza picha ya tukio ambalo halikupigwa picha, na usitume Kiswahili chake bila kukipitia sentensi kwa sentensi, kwani mara nyingi ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Kupima

Wakubwa hupenda jedwali linalosema habari zilizochapishwa zina thamani ya mamilioni kadhaa kama zingekuwa matangazo. Wapimaji wa fani hii walikutana Barcelona mwaka 2010 na kutamka kwamba hesabu hiyo haipimi thamani ya kazi ya uhusiano, na bado inaendelea kuandikwa. Hesabu badala yake simu zilizopigwa kuuliza jambo ambalo taarifa yako ilipaswa kulijibu. Zikiwa nyingi, taarifa haikufika au haikueleweka.

Weka pia daftari la ahadi. Upande wa kushoto andika kila ulichosema hadharani kwamba kitafanyika, pamoja na tarehe; upande wa kulia andika kilichotokea. Lipitie kila Jumatatu na idara husika, na pale tarehe inapokaribia bila kazi kufanyika, tangaza wewe kwanza kwamba itachelewa. Daftari langu la kwanza lilianza na mstari wa bomba lile. Asubuhi ya tatu nilikwenda mwenyewe katika mtaa wa juu pamoja na mwenyekiti, tukasimama kwenye ua wa nyumba ya mwisho kilimani, mama mwenye nyumba akafungua koki ikakohoa hewa kwa muda mrefu, ikatoa maji ya kahawia, kisha yakaanza kutakata. Aliweka ndoo chini, akaniuliza kama mimi ndiye niliyesema saa 12 jioni. Nikamwambia ndiye, nikamweleza nilivyokosea, na upande wa kulia wa daftari nikaandika saa aliyoijaza ndoo ile.